Sindano Aliyoikana Refa

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Wembe alikuwa akikata vipande vya watu. Ndivyo alivyojibu kila alipoulizwa kazi yake na mtu asiyemjua, kisha akanyamaza kidogo aone mtu huyo anavyorudi nyuma hatua mbili. Hapo ndipo alipomalizia: "Vidogo tu. Na wenyewe wameshavitoa."

Alikuwa fundi wa maabara katika chumba cha mwisho cha korido ya chini, hospitalini, ukishapita stoo ya mashuka. Kila kitu kilichotolewa na madaktari wa upasuaji, kiwe kipele, kipande cha utumbo au uvimbe wenye ukubwa wa ndimu, kilimfikia ndani ya kikopo cha dawa kali ya kuzuia kuoza, kimebandikwa namba. Yeye alikipasua, akachagua sehemu za kutazamwa, akazifungia kwenye nta iliyoyeyuka mpaka zikaganda kama vipande vya sabuni. Kisha alikaa mbele ya mashine yake ya kukatia, akazungusha mpini, na wembe ukatoa utepe wa nta mwembamba hivi kwamba ukiupumulia unaruka. Utepe huo aliulaza juu ya maji ya uvuguvugu, akauchota kwa kioo, akautia rangi ya waridi na zambarau, akampelekea daktari wa darubini katika chumba cha pili.

Katika chumba cha Bi Wembe kupiga chafya kulikuwa marufuku. Feni ilizimwa hata siku za joto la kuyeyusha akili. Karani mmoja aliwahi kuingia na mafua yake, akatolewa kwa kusukumwa mgongoni, lakini alikuwa amechelewa kusukumwa: utepe mmoja ulipotea, ukaja kuonekana saa saba mchana kantini, umenata kwenye tai ya karani huyo, yeye anakula bila habari. Bi Wembe aliubandua kwa kibano mbele ya watu wote, akaondoka nao bila hata kusalimia.

Nyumbani mkono ulikuwa uleule. Kitunguu alichokata yeye ungeweza kukiweka juu ya gazeti ukasoma habari. Mumewe, fundi saa mwenye maneno ya kuhesabika, alilalamika mara moja tu katika ndoa yao nzima. "Mke wangu," alisema akiwa ameinamia sahani, "hii nyanya nimeisikia harufu, ila sijaonana nayo."

Bi Wembe alikuwa na mdogo wake wa kike, na mdogo wake huyo alikuwa na mume. Mume alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, lakini hakuna mtu aliyemjua kwa rangi. Jumamosi na Jumapili alichezesha mechi za mtaani, na kwa siku tano zilizobaki alikuwa anasubiri Jumamosi. Watu wote walimwita Refa, kuanzia mkewe mpaka mwenye nyumba. Alikuwa mfupi, kifua mbele, sauti ya kupasua ukuta, na kadi zake mbili hazikutoka mfukoni hata akivaa suti. Aliwahi kumwonyesha mama mkwe wake kadi ya njano kwa kumkatiza maneno kwenye kikao cha familia, na mama mkwe akaomba radhi kabla ya kukumbuka yeye ni nani.

Mtu huyo, ambaye mabeki wenye mapaja kama magogo walimwogopa, alikuwa na siri moja: aliogopa sindano. Hata kuitaja alishindwa. Mkewe akishona kifungo, yeye alitoka nje kuangalia hali ya hewa.

Uvimbe ulimwota chini ya sikio la kushoto, pale pembe ya taya inapoishia. Mwanzoni ulikuwa kama kokwa ya tende. Baada ya mwaka ulikuwa kama yai la njiwa, na watazamaji wakapata la kusema.

"Refa kameza filimbi!" walipiga kelele kutoka kwenye matofali waliyokalia.

"Refa, tema mpira, tumekosa wa kuchezea!"

Bi Wembe aliuona siku moja alipokwenda kumtembelea mdogo wake. Alimshika shemeji yake kidevu bila kuomba ruhusa, akamgeuza kichwa kwenye mwanga wa dirisha, akaubonyeza kwa kidole.

"Shemeji, hii ni tezi ya mate. Ina kitu ndani. Nenda hospitali."

"Ni msuli huo," alisema Refa. "Msuli wa kupulizia filimbi."

"Msuli wa upande mmoja?"

"Napulizia kushoto."

"Sigara uliyovuta miaka ishirini nayo uliivutia kushoto?"

Refa alipeleka mkono mfukoni kwenye kadi, akamtazama Bi Wembe machoni, akautoa mkono mtupu.

Mkewe alimsumbua miezi miwili. Asubuhi uvimbe, mchana uvimbe, akinywa chai uvimbe. Hatimaye Jumanne moja Refa aliaga kuwa anakwenda kupaka rangi duka fulani upande wa pili wa mji, akarudi jioni akiwa na kandambili moja tu mguuni na uso mweupe kama chokaa. Alisema ngazi ilimteleza. Mkewe alimkandakanda mgongo na maji ya moto, na yeye akaguna panapostahili.

Wiki hiyohiyo uvimbe ulifura. Ukawa mwekundu, ukauma, Refa akashindwa hata kutafuna mkate. Kisha, baada ya kama siku kumi, ukaanza kunywea wenyewe, ukawa mdogo kuliko ulivyokuwa mwanzo, ila mgumu kama kokoto. Refa alijaa kiburi mpaka akakosa pa kukiweka.

"Nimeupa kadi nyekundu," aliwaambia watu. "Ulikuja juu, ukaleta ubishi, nikautoa nje."

"Mbona bado upo?" aliuliza mkewe.

"Unavua viatu."

Mkewe hakusubiri uvue. Alimvuta kwa mkono mpaka hospitali kubwa, ile ya Bi Wembe. Daktari wa upasuaji aliubonyeza, akautazama kwa picha, akasema kwa vyovyote uvimbe mgumu namna hii hautakiwi kubaki. Alikuwa na fomu mbele yake, akawa anauliza na kujaza. Unavuta sigara? Niliacha. Una mzio? Sina, labda washambuliaji. Umewahi kuchomwa sindano kwenye uvimbe huu, ya kunyonya chembe za kupima?

Mkewe alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani, anasikiliza.

"Hapana," alisema Refa.

"Basi tuanze na hiyo. Ni sindano nyembamba tu, tunachoma hapa, tunavuta kidogo—"

"Daktari," Refa alisema, na jasho lilimtoka juu ya mdomo, "wewe kata. Mambo ya kuvutavuta ya nini? Kata kama mwanamume."

Daktari akakata. Kabla ya hapo kulikuwa na mvutano mfupi katika chumba cha upasuaji kuhusu sindano ya usingizi, mpaka mtaalamu wa usingizi akakubali kumvisha kinyago cha gesi kwanza, na ya mkononi achomwe akiwa hana habari. Mshipa wa uso haukuguswa, damu ilikuwa kidogo, na Refa aliamka akiuliza matokeo ya mechi gani hakuna aliyejua.

Kikopo kilimfikia Bi Wembe siku hiyohiyo, na fomu yake. Alijua cha nani. Alikiweka pembeni, akavikata kwanza vya watu wengine sita ili mkono utulie.

Alipoupasua uvimbe ule, aliguna. Kwa mtu aliyevuta sigara, na mahali pale, alitarajia kitu laini cha rangi ya kahawia, chenye vifuko na majimaji ya rangi ya chai. Vile alivijua, alishavikata vingi. Lakini hiki katikati kilikuwa na kitu cha manjano kilichokufa, kinamomonyoka kama jibini kuukuu, na kuzunguka hapo kovu gumu jeupe lililokwaruza wembe. Alichagua sehemu nane, akazifunga kwenye nta, na siku ya tatu vioo vilikuwa mezani kwa daktari wa darubini.

Daktari wa darubini alikuwa mzee mwembamba aliyezungumza na vioo vyake kuliko alivyozungumza na watu. Kutoka chumba cha pili Bi Wembe alimsikia kila siku. "Haya, wewe nawe, umetoka wapi?" Au: "Njoo hapa. Tulia. Usinifiche." Siku hiyo alianza vizuri. Kisha akanyamaza. Ukimya uliendelea mpaka Bi Wembe akasimamisha mpini wa mashine.

"Bi Wembe," mzee aliita. "Njoo uangalie na wewe."

Aliinama kwenye darubini. Katikati kila kitu kilikuwa waridi iliyopauka, seli zimekufa zimebaki vivuli, kama mtaa uliohamwa, kuta zimesimama lakini hakuna mtu dirishani. Pembeni mwake kulikuwa na seli bapa zilizopangana kwa matabaka kama za ngozi, viini vyake vikubwa, vimejaa rangi, nyingine zikigawanyika. Seli za namna ile hazikuwa na kazi yoyote ndani ya tezi ya mate.

"Hizi," alisema mzee, "zinaweza kuwa saratani. Saratani mbaya ya seli bapa, inayokula mpaka katikati yake inakufa njaa. Ikiwa ni hiyo, huyu mtu anarudi kwa upasuaji, wanatoa tezi nzima, wanasafisha shingo upande mzima, halafu mionzi."

Bi Wembe alishika ukingo wa meza.

"Au," aliendelea mzee, "zinaweza zisiwe kitu. Uvimbe wa kawaida, usio na ubaya, ukichomwa sindano, mara chache damu yake inakatika. Unafura, unauma, katikati panakufa, unanywea. Seli zilizobaki hai zinashtuka, zinageuka bapa, zinazaliana haraka kuziba pengo. Zikitazamwa na mtu mwenye haraka, zinafanana na saratani kama pacha. Nimeona maisha yangu yote mara tatu. Lakini lazima kuwe na sindano." Aliinua fomu, akaisogeza karibu na miwani. "Na hapa imeandikwa hapana."

"Huenda haikuandikwa vizuri."

"Imeandikwa vizuri mno. Daktari amepigia mstari. Mimi siwezi kubuni sindano, Bi Wembe, na siwezi kubuni saratani. Nitakaa na kioo hiki mpaka Jumatatu. Baada ya hapo lazima niandike kitu."

Ilikuwa Ijumaa. Bi Wembe alirudi kwenye kiti chake, akakumbuka uso mweupe, kandambili moja, na uvimbe uliofura wiki hiyohiyo. Aliwajua waongo wa kila aina, ila hakuwahi kukutana na mtu aliyeidanganya fomu ili aonekane shujaa mbele ya mkewe. Mtu wa kufa na tai shingoni, alijisemea, na huyu anataka kufa nayo kwelikweli.

Jumamosi alimkuta uwanjani. Daktari wa upasuaji alikuwa amempiga marufuku kupuliza filimbi kwa wiki sita, ili kidonda kisifumuke, na kukimbia ndiyo kabisa. Refa alikuwa ameyatii maagizo yote mawili kwa namna yake. Alikuwa amesimama juu ya ngazi yake ya kupakia rangi, pembeni mwa mstari wa katikati, kichwa kimefungwa bandeji kuanzia kidevuni mpaka utosini kama kifurushi cha zawadi, mkono mmoja kikaango, mkono wa pili mwiko. Mafundi cherehani walikuwa wanacheza na waoka mikate. Kila faulo ilipigiwa kikaango.

Bi Wembe alivuka mstari, akakatiza katikati ya shambulizi la waoka mikate, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi.

*Kwang'!* "Mtu ndani ya uwanja!" Refa alifungua nusu ya mdomo iliyokubali kufunguka. Alitoa kadi ya njano.

"Shemeji, shuka. Nina swali moja."

"Baada ya mechi."

"Uliwahi kuchomwa sindano kwenye ule uvimbe?"

Wachezaji ishirini na wawili walikuwa wamesimama. Kipa wa mafundi cherehani alikuja mpaka katikati ili asipitwe. Mkewe Refa alikuwa chini ya mwavuli upande wa pili, akiuza maji ya kunywa, na naye akainua kichwa.

"Mimi?" Refa alicheka kicheko kikavu. "Sindano? Mimi nimekatwa shingo bila kuguna, unaniuliza sindano? Sijawahi. Toka uwanjani."

"Shemeji, fikiria vizuri."

Kadi nyekundu. Aliiinua juu kabisa, ngazi ikatikisika, na waoka mikate wakapiga makofi kwa sababu walizoea kumpigia makofi yeyote anayetolewa.

Bi Wembe hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kazi yake haikumruhusu hata kukohoa. Alisogea karibu na ngazi, akasema kwa sauti ya chini inayomfika yeye tu: "Sawa, natoka. Ila Jumatatu daktari wa darubini anaandika kuwa ni saratani. Watakufungua tena, watatoa tezi yote, watasafisha shingo upande mzima, kisha mionzi. Na kabla ya yote hayo watakutoa damu kila asubuhi. Kwa sindano. Nilitaka ujue tu."

Alianza kuondoka. Kisha kikaango kikalia mara tatu.

"Mapumziko!" alisema Refa.

"Dakika ya kumi na mbili?" aliuliza nahodha wa waoka mikate.

"Nimesema mapumziko! Kunyweni maji!"

Walikwenda nyuma ya kibanda cha kuhifadhia nyavu. Refa alikaa juu ya gurudumu la gari lililotupwa, akaweka kikaango magotini. Bila ngazi alikuwa mdogo sana.

"Shemeji," alisema, "kati yako na mimi."

"Na daktari wa darubini."

"Na yeye. Basi." Alimeza mate, akakunja uso kwa maumivu. "Nilikwenda kliniki moja upande wa pili wa mji. Ile Jumanne. Nilisema niende mwenyewe, nimalize, nirudi nimwambie mke wangu nimeshapimwa, si kitu. Walikuwa wazuri. Daktari kijana, mpole. Akaniambia, funga macho. Shemeji, mimi nikayafungua."

"Ukaiona."

"Ilikuwa inakuja! Akachoma. Nikasema moyoni, haya, imekwisha. Akasema, sasa ya pili, ile haikutoa ya kutosha. Ya pili sikuiona. Nilikuwa tayari nimeshika pazia."

"Pazia gani?"

"La kutenganisha vitanda. Nilianguka nalo. Lilikuwa limefungwa kwenye bomba, bomba likaja. Nesi alikuwa nyuma ya pazia na trei. Na upande wa pili kulikuwa na mzee anavaa suruali, maskini, akafunuliwa mbele ya foleni." Refa alifunika uso kwa mwiko. "Nilipozinduka kila mtu alikuwa ananipepea, hata yule mzee, suruali mkono mmoja. Nikatoka mbio. Kandambili niliiacha. Karatasi ya majibu sikurudi kuchukua."

Bi Wembe alikuwa anatazama nyavu kwa makini sana. Mabega yalimtikisika.

"Unacheka."

"Sicheki."

"Shemeji, kuna mtu ana saratani hapa, unacheka!"

"Ndiyo nacheka, kwa sababu labda huna!" alisema, machozi yakimtoka, na alipoyafuta aligundua kuwa si yote yalikuwa ya kucheka. Kwa siku moja nzima alikuwa akimwona mdogo wake moyoni akiwa mjane, na sasa alitaka kumkumbatia huyu mpuuzi na kumpiga na kikaango kwa wakati mmoja. Alichagua kumshika bega. "Jumatatu asubuhi tunakwenda huko kliniki, mimi na wewe. Vioo vyao wanavyo."

"Wataniona."

"Wakuone."

Walimwona. Refa alikuwa amevaa kofia ya sufi juu ya bandeji na miwani ya jua, akaingia akitembea ubavuubavu, lakini nesi wa mapokezi aliinua kichwa mara moja tu.

"Jamani, njooni!" aliita ndani. "Wa pazia karudi!"

Walitoka wanne. Mmoja alikuwa na kandambili, imefungwa vizuri kwenye mfuko, imeandikwa tarehe. Daktari kijana alimpa Refa mkono na kumwomba akae, akamsogezea kiti mbali na dirisha, kwa sababu dirisha lile lilikuwa na pazia. Kumbukumbu ilikuwa pale kwenye faili, na Bi Wembe aliisoma mara mbili: sindano mbili, tezi ya mate ya kushoto, wiki tano kabla ya upasuaji. Majibu: uvimbe wa kawaida wa wavutaji sigara, usio na ubaya. Chini yake kwa mwandiko mwingine: *Mgonjwa alizimia. Alimwangusha nesi. Vioo viwili salama.*

"Majibu yalitoka siku ileile jioni," alisema daktari kijana. "Tulipiga namba ya simu uliyotuandikia. Alipokea mtu akasema ni duka la samaki."

Refa alitazama dari.

Saa tano asubuhi vioo viwili vya kliniki vilikuwa mezani kwa mzee, kando ya vile vinane. Aliviweka chini ya darubini, na baada ya muda mfupi Bi Wembe alisikia sauti aliyoisubiri tangu Ijumaa.

"Ahaa. Kumbe wewe ni wewe. Kwa nini hukusema mapema?"

Lakini mzee hakuwa mtu wa kusaini kwa furaha. Sindano pekee, alisema, haimzuii mtu kuwa na saratani pia. Alitaka kuona njia ambayo sindano ilipita, na alitaka kuona kuwa seli zile bapa zinakoma, hazichimbi kwenda nje. Akamwomba Bi Wembe akate zaidi, aingie ndani ya nta hatua kwa hatua, na vioo vingine avitie ile rangi inayogeuza kutu ya damu kuwa bluu.

Bi Wembe alifunga mlango. Refa, aliyekuwa ameambiwa asubiri kwenye korido, aliomba akae ndani. Akaruhusiwa kwa masharti: asiseme, asitikise mguu, apumulie upande wa ukuta. Alikaa saa tatu akiutazama mkono wa shemeji yake ukizungusha mpini, utepe ukitoka, unalala juu ya maji, unachotwa. Wembe ule ulikuwa mkubwa na mkali kuliko sindano yoyote, na wala hakuuogopa. Alisahau hata kujishangaa. Kwenye kioo cha arobaini na moja alisema kwa mnong'ono, uso ukutani: "Shemeji, kumbe kazi ni hii." Miaka kumi na minne walikuwa ndugu wa ndoa na hakuwahi kumwuliza.

"Nyamaza," alisema Bi Wembe, lakini kwa upole.

Rangi ilipokauka, mzee aliwaita wote wawili. Alimweka Refa kwenye kiti, akamwonyesha mahali pa kuweka jicho.

"Unaona nini?"

"Waridi. Na mstari. Mstari wa bluu, umepita katikati kama… kama mtu alichora chaki uwanjani."

"Hiyo ni kutu ya damu yako. Hapo ndipo sindano ilipita. Na ule upande wa pili?"

"Mwingine. Mfupi."

"Hiyo ni ya pili, ile ambayo hukuiona." Mzee alisogeza kioo kidogo. "Zile seli zilizotutisha zimejipanga kandokando ya njia hiyo, na zinaishia hapo kwenye kovu. Haziendi popote. Na huku pembeni kabisa, Bi Wembe amenipatia kipande cha uvimbe wako wenyewe, kizima, hakijaguswa, sawasawa na kile cha kliniki. Wewe huna saratani, bwana. Ulikuwa na uvimbe mpole uliochomwa mara mbili ukafia ndani. Uvimbe umetolewa, mambo yameisha."

Refa hakuinua jicho kwenye darubini. Bega lake la kushoto lilipanda na kushuka.

"Daktari," alisema mwishowe, "naweza kukaa hapa kidogo?"

"Kaa. Mimi naenda kunywa chai."

Aliporudi nyumbani jioni ile alimweleza mkewe yote. Bi Wembe alikuwepo, kwa sababu aliombwa awepo, kama mchezaji wa akiba. Refa alisimama katikati ya sebule kama anaimba wimbo wa taifa, akasimulia sindano, pazia, bomba, nesi na mzee wa suruali, bila kuruka kitu. Mdogo wake Bi Wembe alisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani. Bi Wembe alijua ule mkao. Ulikuwa wa mama yao.

"Umemaliza?" aliuliza mkewe.

"Nimemaliza."

"Miaka kumi na minne. Unafikiri kwa nini nilikwambia usiingie chumba cha kujifungulia? Mara zote mbili?"

"Ulisema ni… ulisema wanaume hawaruhusiwi."

"Waliruhusiwa. Niliwaambia manesi wakuzuie. Nilisema, mume wangu ataangukia mtoto." Hapo uso ulimkunjamana, na Bi Wembe hakujua kama ni kicheko au kilio kinachokuja mpaka vikaja vyote viwili. "Nilijua unaogopa sindano! Kila mtu anajua! Lakini kuniacha nikukande mgongo na maji ya moto, na mgongo hauna kitu! Na kumdanganya daktari! Ungekatwa shingo, Refa, ungekatwa shingo kwa ajili ya kuonekana dume!"

"Samahani."

"Leta hizo kadi."

Alizitoa mfukoni, zote mbili, akampa. Mkewe aliinua ya njano, akaishikilia pale hewani kwa muda mrefu kuliko kanuni zinavyodai.

Miezi mitatu baadaye alirudi kwa daktari wa upasuaji kuangaliwa. Shingo ilikuwa safi, kovu jembamba nyuma ya sikio, hakuna kilichoota. Daktari akasema wapime damu mara moja, kwa utaratibu tu. Refa aliinua mkono.

"Kabla hujaanza," alisema, "mimi huwa nazimia. Naomba nilale kwanza. Na mapazia yafungwe vizuri."

Alilazwa kitandani, mkewe akamshika mkono mmoja, nesi akachukua wa pili. Alizimia vizuri kabisa, kimya, bila kuvunja kitu, na alipozinduka aliuliza kama amekuwa mtulivu. Wote walisema ndiyo. Ghorofa ya chini, wakati huohuo, Bi Wembe alikuwa ameweka kwenye mashine kipande kipya cha nta, namba ya mtu asiyemjua. Alisoma fomu yake mpaka mstari wa mwisho, akavuta pumzi, akaishikilia, na kuanza kuzungusha mpini.